Bahasha Namba Sita

Saa saba kasorobo mchana Inspekta alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne ya Idara ya Fizikia na Astronomia, akamkuta baba wa mtuhumiwa kwenye benchi lile lile la jana, mfuko wa nailoni magotini, ameukumbatia kama aliyebeba mayai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bado mnatafuta?"

"Bado."

"Kamati inakaa saa kumi."

"Nalijua hilo."

"Nasema tu. Mimi ni fundi cherehani. Mteja nikimwahidi suruali saa kumi, saa tisa huwa nimeshaanza kutafuta mlango wa nyuma."

Ndani ya mfuko mlikuwa na joho. Alilishona wiki ile binti yake alipompigia simu kumwambia amesikia angani kitu ambacho hajawahi kukisikia mtu. Alilishona kwa siku mbili bila kupima, kwa kuwa, alivyosema, mabega ya mwanawe anayajua tangu yakiwa na upana wa kiberiti. Sasa joho lilikuwa linangoja pamoja naye nje ya mlango wa kamati ya nidhamu. Kabla ya jioni, kamati ingeamua kama binti huyo amalize udaktari wake, au afukuzwe chuoni na faili lake lipelekwe mahakamani kwa kosa la kughushi.

Inspekta alikuwa amepewa siku tatu. Zilibaki saa tatu na robo.

Binti mwenyewe alikuwa chumba cha data, katikati ya makabati ya kompyuta yanayovuma, kwenye baridi ya kutosha kugandisha siagi. Alivaa makoti mawili. Miwani yake ilifungwa kwa uzi upande mmoja.

"Nieleze tena," Inspekta alisema, akivuta kiti.

"Nimeshakueleza mara nne, mama."

"Ya tano nitaelewa. Fizikia yangu mimi iliishia kwenye sumaku na msumari."

Binti alivuta pumzi. "Dishi letu kule nyuma linasikiliza mawimbi ya redio kutoka angani. Linarekodi usiku na mchana. Kazi yangu ni kupekua rekodi hizo. Sasa, Profesa ana mtindo wake. Mara moja kwa mwaka, kwa siri, anapandikiza ishara ya uongo kwenye waya wa dishi. Hamwambii mtu. Anachapa tarehe na saa kwenye karatasi, anaifunga kwenye bahasha, anagonga mhuri, anaifungia kwenye sefu."

"Ili?"

"Ili ajue kama tuko macho. Mtu akisema amegundua kitu, kabla hakijatoka nje ya jengo hili, bahasha inafunguliwa mbele ya watu. Saa ikilingana, basi ulichogundua ni mtihani wa Profesa. Isipolingana, umegundua kweli."

"Na wewe ukagundua."

"Tarehe kumi na mbili, mwezi wa kwanza, saa nane na dakika tano mchana. Mpigo mmoja, mkali, mzuri kama kengele." Alisema neno kengele kwa sauti ya mtu anayemtaja aliyefariki. "Nikaomba bahasha ifunguliwe. Wakati huo Profesa alikuwa ameshapata kiharusi, yuko hospitali, hasemi wala haandiki. Kaimu Mkuu wa Idara akaifungua. Haikulingana. Watu wakashangilia, wakanibeba juu juu. Nikampigia baba."

"Halafu?"

"Halafu wataalamu wa nje wakakagua. Wakasema mpigo haukutoka angani, umeingilia kwenye waya, humu humu ndani. Si wa mbinguni, na karatasi inasema si wa Profesa. Sasa ni wa nani? Anayefaidika nani?" Alijionyesha kwa kidole gumba.

Inspekta alitoa karatasi yenyewe kutoka kwenye mfuko wa vielelezo, imefunikwa na plastiki. Mstari mmoja tu, wa mashine ya chapa: tarehe 19, mwezi wa kwanza, 17:32. Nyuma ya namba palikuwa na alama ndogo, kama sisimizi aliyekanyagwa.

"Hii ni nini?"

"Ipi? Hiyo? Uchafu wa mashine ya chapa. Kamati ilisema hivyo."

"Wewe unasemaje?"

Binti aliinamia karatasi kwa muda mrefu. "Mimi, mama, siku ile nilikuwa naangalia namba tu."

Inspekta aliigeuza karatasi kwenye mwanga. Uchafu hauna miguu sita iliyolingana. Ilikuwa nyota.

"Saa kumi na moja na nusu jioni ya tarehe kumi na tisa. Rekodi inaonyesha nini?"

"Hakuna kitu. Nimepekua hadi macho yamevimba. Kamati inasema huenda Profesa aliupandikiza dhaifu mno."

Inspekta alisimama. Kwenye bahasha kulikuwa na alama ya kidole cha mafuta meusi, na mwenye kidole alikuwa anajulikana.

*

Fundi wa darubini, ambaye jengo zima lilimwita Grisi, alikuwa karakana, chini ya kivuli cha dishi. Dishi lenyewe lilisimama nje ya dirisha, kubwa kuliko nyumba ya ibada. Grisi aliwaapia wageni wote kwamba mwaka liliposimikwa lilikinga mvua ya siku tatu, wakafugia samaki, na kwamba samaki hao walipokaangwa redio ya jikoni ilibadilisha stesheni yenyewe.

"Kaa, afande. Kiti hicho kisafi, nilikifuta mwaka juzi."

"Nitasimama. Alama ya kidole kwenye bahasha ni yako."

"Kwenye bahasha tu? Pima sukari ya ofisini kwa Kaimu, utanikuta humo."

"Nijibu vizuri."

Spana ilisimama mkononi mwake. "Sefu ilikwama siku ile ya kufungua. Mbele ya watu saba. Kaimu kazungusha ufunguo mpaka mishipa imemtoka shingoni. Wakaniita. Nikaitia mafuta, ikakubali, nikatoa bahasha nikampa mkononi. Waulize."

"Nimewauliza. Wanasema pia kufuli ya sefu hiyo uliwahi kuitengeneza wewe. Kwa hiyo ulikuwa na ufunguo."

"Nilikuwa nao. Nilimrudishia Profesa."

"Shahidi?"

"Profesa."

"Asiyeweza kusema."

"Ndiyo bahati yangu hiyo."

"Na kile kifaa cha kupandikiza ishara, nani alikiunganisha kwenye waya?"

"Mimi."

"Ufunguo, kifaa, na kidole."

Grisi alishusha spana mezani taratibu. "Afande, ukilipanga hivyo hata mimi naanza kujiogopa."

Hakucheka, na Inspekta hakucheka. Nje, mnyororo wa dishi ulilia kwa upepo. Inspekta aliweka karatasi juu ya meza, kati ya boliti na kikombe.

"Soma."

Grisi alifuta miwani kwa tambara lililokuwa chafu kuliko miwani yenyewe. Akasoma. Akatoa kicheko kifupi, kisha kicheko kikakatika kama kilichobanwa na mlango.

"Nyota hii kaiweka nani?"

"Wewe niambie. Kamati inasema uchafu."

"Uchafu! Hii ni saa ya nyota, afande. Pale kwenye ngazi zamani zilitundikwa saa mbili. Moja ya watu, moja ya nyota. Nyota zina haraka kuliko sisi, kila siku zinatuwahi dakika nne. Saa ya nyota ikikubaliana na yako leo, kesho imekutangulia dakika nne, keshokutwa nane, na baada ya miezi mitatu ni saa sita nzima. Bwana mmoja hapa alikwenda harusini kwa saa hiyo. Alifika viti havijashushwa garini, wakamdhania mpishi, wakampa gunia la vitunguu amenye."

"Grisi."

"Namaliza. Wakubwa wa zamani waliandika muda wote kwa saa ya nyota, na ili mtu asichanganye waliweka nyota nyuma ya namba. Basi."

"Kwa hiyo hii 17:32 si saa kumi na moja na nusu jioni?"

"Hata kidogo."

Inspekta alikuwa ameshatoa simu. Dakika mbili baadaye binti aliingia karakana akihema, koti moja limebaki njiani. Grisi alikuwa ameshatoa kwenye droo kitabu cha majedwali kilichonuka dizeli. Wote watatu waliinama. Binti alipiga hesabu kwa penseli pembeni mwa gazeti, midomo ikitembea. Kama ingetokea saa nane na dakika tano mchana, kama kulikuwa na kosa la tarehe tu, mambo yangekuwa yamekwisha hapo hapo.

Penseli ilisimama.

"Saa tatu na nusu," alisema. "Asubuhi. Tarehe kumi na tisa." Alikaa kwenye kreti la betri. "Hailingani. Hata kwa saa ya nyota hailingani. Mama, nimekwisha."

"Rudia hesabu."

"Sikosei hesabu hizi. Laiti ningekuwa nakosea."

  Grisi alinyanyuka, akaenda kwenye rafu, akarudi na daftari kubwa la jalada gumu, akalifungua kwa kulowesha kidole.

"Asubuhi ya tarehe kumi na tisa umesema?"

"Ndiyo, mjomba."

"Hebu soma hapa. Mwandiko wangu mbaya, lakini soma."

Binti alisoma kwa sauti. "Tarehe kumi na tisa. Saa mbili asubuhi hadi saa sita. Dishi limelazwa, limefungwa. Kipokezi kimezimwa. Kubadilisha grisi ya egemeo kuu." Alinyanyua macho. "Lilikuwa limezimwa?"

"Limezimwa kama jiko la shule siku ya likizo. Mimi niko juu, na anayenishikia ngazi chini ni Profesa mwenyewe. Alishika vibaya mno, nusura niwe historia. Sasa mwambie afande: mtu anashika ngazi ya dishi lililozimwa, huku anapandikiza ishara kwenye dishi hilo hilo?"

Inspekta aliichukua karatasi, akaitazama upya, mbele na nyuma. "Profesa hakuichapa hii."

"Hakuichapa."

"Mtu aliondoa bahasha ya kweli akaweka hii. Akabuni tarehe, akabuni namba, akaweka nyota ili ionekane ya Profesa." Alimgeukia Grisi. "Na kwa nini hukuwaambia kamati?"

"Kamati iliniita nifungue sefu, afande. Haikuniita nisome."

"Saa ya nyota iliondolewa lini pale kwenye ngazi?"

"Ilikufa miaka kumi na minane iliyopita. Nikataka kuitengeneza, Profesa akakataa. Tangu hapo anaandika saa ya kawaida, kama binadamu."

"Kwa hiyo binti huyu asingejua kuweka nyota."

"Wakati huo alikuwa anajifunza kusoma na kuandika."

"Basi aliyeiweka alikuwa humu kabla ya miaka kumi na minane, na tangu hapo hajaona bahasha nyingine. Nani mwingine alikuwepo zaidi yako?"

Grisi alirudi kwenye spana yake. Aligeuza boliti moja, akairudisha ilivyokuwa.

"Kuna jalada la karatasi za zamani pale masjala. Kalione. Mimi mtu simtaji kwa mdomo, mdomo wangu wenyewe watu hawauamini."

*

Masjala ilikuwa ya Katibu Muhtasi, mama aliyevaa funguo shingoni na kumtazama kila mgeni kama mtu aliyekuja kukopa stepla. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Alimpa Inspekta jalada, akampa na kitabu atie sahihi, akakaa palepale amtazame.

Inspekta alizipanga karatasi mezani kwa namba zilizoandikwa kwa penseli pembeni. Moja hadi tano: mstari mmoja mmoja, na nyuma ya kila namba, nyota. Kisha saba. Nane. Tisa. Hadi kumi na tisa.

"Sita iko wapi?"

"Iko humo."

"Haimo."

Katibu alisimama, akahesabu mwenyewe kwa kidole, akahesabu tena kutoka nyuma. "Mwezi wa pili ilikuwemo. Nilizihamisha mimi kutoka jalada la zamani."

"Nani amelichukua jalada tangu hapo?"

"Halitoki bila kusainiwa." Alifungua kitabu cha kuazima. Kisha akakifunga nusu, kama mtu aliyefungua choo akakuta kuna mtu.

"Fungua, mama."

Alikuwepo mmoja tu. Kaimu Mkuu wa Idara. Siku tatu baada ya binti kuomba bahasha ifunguliwe, siku moja kabla ya kufunguliwa.

Inspekta aligeuza jalada hadi ukurasa wa mbele, kwenye orodha ya wanafunzi waliowahi kufunguliwa bahasha. Mstari wa sita ulikuwa na jina la mtu yule yule.

"Yeye si mtu wa nyota," Inspekta alisema. "Ana maabara ya leza, chini."

"Sasa. Zamani alikuwa wa huku juu, na alikuwa hodari kuwashinda wote." Katibu alishusha sauti ingawa chumbani hakukuwa na mtu mwingine. "Mimi nilikuwa na wiki ya pili kazini. Alisema amegundua. Akaalika wajomba, akamleta mama yake kwa basi, yeye mwenyewe suti, kiatu kinang'aa hadi unachana nywele. Ukumbi umejaa. Profesa akafungua bahasha: imelingana. Mtihani. Ukumbi ukaangua kicheko."

"Profesa naye alicheka?"

"Kuliko wote, alikuwa mtu wa mizaha. Hadi akamwona yule mama anawauliza ndugu zake, wanacheka nini? Niambieni na mimi nicheke." Katibu alizichezea funguo zake. "Wiki ile kijana alihamia chini kwenye leza. Hakuja tena kwenye ufunguzi wowote hadi huu alioufungua mwenyewe."

Inspekta alirudi kwenye karatasi. Alikuwa ameziangalia namba, kama kamati, kama binti. Sasa alizisoma hadi chini. Namba saba ilikuwa na mstari wa pili. Namba nane pia. Tisa, kumi, zote hadi kumi na tisa, maneno yale yale, herufi zile zile za mashine iliyokwaruza.

Moja hadi tano hazikuwa nao. Na ile iliyotoka kwenye sefu haikuwa nao.

"Mama, nakuomba karatasi hizi."

"Utasaini."

"Nitasaini."

*

Saa tisa na robo Inspekta aliingia ofisi iliyokuwa ya Profesa. Mashine ya chapa ilikaa pembeni ya dirisha, imefunikwa. Kaimu alikuwa anapanga makabrasha ya kamati, tai imekaza, kalamu tatu mfukoni kwa mpangilio wa rangi.

"Inspekta. Nilidhani umeshaandika taarifa yako."

"Imebaki sentensi moja, Daktari. Ufunguo wa sefu nani alikuwa nao Profesa alipougua?"

"Mimi. Nilikabidhiwa rasmi. Na Grisi, kama umechunguza vizuri."

"Nimechunguza. Umewahi kusoma karatasi za zamani za Profesa?"

"Nina kazi nyingi za kusoma."

"Jalada ulilichukua mwezi wa tatu."

"Nililichukua kama Kaimu. Kulinganisha mtindo, karatasi ilipofunguliwa."

"Ulilichukua siku moja kabla haijafunguliwa."

Kaimu alisogeza kalamu moja. "Maandalizi."

"Na namba sita?"

"Sijui namba sita ni nini."

"Ni yako."

 Nyayo zilipita nje kwenye korido, za wajumbe wa kamati, wawili watatu, wanaongea juu ya foleni ya magari.

"Inspekta," Kaimu alisema polepole, "una karatasi yenye tarehe isiyolingana na ishara. Una ishara iliyoingilia kwenye waya. Una mwanafunzi mwenye uchu wa jina. Mengine ni umbea wa masjala."

"Karatasi hiyo ina nyota."

"Kwa sababu ni saa ya nyota. Profesa ndivyo anavyoandika."

 Inspekta alivuta kiti, akakaa, akaweka mkoba magotini. "Kamati nzima, watu saba wenye digrii, wameiona alama hiyo wakasema ni uchafu. Wewe ni wa kwanza humu ghorofani kuniambia ni saa ya nyota, na sikukuuliza."

Kaimu alikaza tai iliyokuwa imekaza tayari.

"Na ulivyosema si kweli. Ndivyo alivyokuwa anaandika, hadi miaka kumi na minane iliyopita. Uliiga karatasi ya mwisho uliyoijua, zilizofuata hukuzifunua." Alitoa karatasi za jalada, akaanza kuzipanga mbele yake moja baada ya nyingine, kama anayegawa karata. "Saba. Nane. Tisa. Hazina nyota. Soma, Daktari. Soma hadi chini."

Kaimu aliinamia namba saba akiwa na uso wa mtu anayekagua kosa la mwanafunzi. Kisha akaivuta karibu. Akachukua nane. Akachukua tisa, kumi, akazigeuza haraka, kumi na mbili, kumi na tano, hadi ya mwisho. 

"Mstari huu," alisema. "Ulianza lini?"

"Unaona mwenyewe. Namba saba."

"Baada ya..."

"Baada ya sita."

  Hatimaye Kaimu alifungua droo ya chini, akanyanyua rundo la majarida, akatoa vitu viwili: karatasi iliyokunjwa mara nne, imegeuka njano kwenye mikunjo, na bahasha iliyofungwa, mhuri mzima, sahihi ya Profesa imekatiza juu yake kama meno ya msumeno.

"Hukuifungua," Inspekta alisema.

"Hapana."

"Wala hukuichoma. Ungeichoma nisingekuwa na kitu."

"Nilishawasha kiberiti mara mbili." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Huwezi kuelewa. Katika kazi yetu huchomi kipimo ambacho hujakisoma. Na kukisoma niliogopa."

"Ulitaka kumfukuzisha binti wa watu?"

"Nilitaka yule mzee aonekane amekosea! Mara moja tu. Bahasha isilingane, watu washangilie mtihani wake kama ugunduzi, kisha ijulikane, wamcheke yeye. Sikudhani mtu atatafuta mkosaji. Sikujua watamgeukia binti."

"Walipomgeukia?"

Kaimu alizitazama kalamu zake.

"Baba yake amekaa kwenye benchi hilo siku tatu," Inspekta alisema, akisimama. "Umempita kila asubuhi. Twende, Daktari. Bahasha hii utaibeba wewe, ili wajumbe waione inatoka mkononi mwa nani."

*

Saa kumi na dakika saba Mwenyekiti wa kamati, mwanahisabati mwenye kikohozi, alikagua mhuri, akakata bahasha kwa wembe. Binti alisimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma. Grisi alisimama mlangoni. Hakualikwa, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumtoa.

"Tarehe kumi na mbili, mwezi wa kwanza," Mwenyekiti alisoma. "Saa nane na dakika tano mchana."

Mjumbe mmoja alisema "Ah!" kama aliyechomwa sindano. Binti alishika ukingo wa meza.

"Inalingana," Mwenyekiti alisema. "Inalingana kabisa. Ni mtihani wa Profesa." Aliinua karatasi kwenye mwanga. "Kuna mstari mwingine hapa chini. Nadhani si wa kitaaluma."

"Usome," Inspekta alisema. Alikuwa amesimama bega kwa bega na Kaimu, na alikuwa anamtazama Kaimu.

Mwenyekiti alikohoa. "Umekiona kilichokuwepo. Usione haya, aliyetega ni mimi."

Kaimu alifumba macho. Inspekta alimgusa kiwiko, wakatoka kwa mlango wa pembeni.

Binti alitokea kwenye korido peke yake. Fundi cherehani alisimama, mfuko kifuani.

"Vipi?"

"Imelingana, baba. Wamenifutia mashtaka yote."

"Imelingana maana yake?"

"Maana yake ile sauti niliyoisikia aliiweka Profesa. Haikutoka angani."

Mzee alifikiri. "Kwa hiyo huko juu hakuna kitu."

"Hakuna kitu."

"Miaka mitano unasikiliza."

"Miaka mitano, baba." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, miwani imeteleza kwenye uzi wake.

Mzee alimgeukia Grisi, aliyekuwa anajifutia tambara usoni na kujiongezea weusi. "Wewe bwana, nisaidie. Ndiyo tumeshinda?"

"Mzee wangu," Grisi alisema, "tumeshinda vibaya sana."

Fundi cherehani alitikisa kichwa, akafungua mfuko, akalikung'uta joho mara mbili hewani.

"Haya, geuka," alimwambia mwanawe. "Nione mabega."